Babu anataka vita, watoto wanataka maji: siku moja kutoka Moshi inatosha?

Mama Tumaini (Soweto, Moshi)

Habari za jioni jamani. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Baba mkwe wangu anakuja kutoka Singida kutusalimia, atakaa wiki moja. Ana miaka 84, akili timamu, mguu wa kushoto ndio unamsumbua, anatembea na mkongojo. Tangu niolewe namsikia akisimulia kwamba marehemu baba yake alibebeshwa masanduku ya risasi na Wajerumani wakati wa vita ya kwanza, "pale reli inapovuka mto, chini ya mlima wenye theluji". Jina la mahali hakuambiwa. Mume wangu anasema lazima ni Kahe. Mzee kila akipiga simu ananikumbusha: "Mkwe wangu, nipeleke nikaone."

Sasa nina watoto wawili, wa miaka 9 na 12, wako likizo, na niliwaahidi kuwapeleka majini. Chemchemi za Chemka walishaenda na shule, hawazitaki tena. Hela ya safari mbili sina. Nimepata mtu wa Noah anataka laki na nusu kwa siku, mafuta juu yake. Nilivyopanga ni Jumamosi moja, sisi wenyewe tu, bila kuchanganywa na kundi la watu: asubuhi vita ya Babu, mchana mto, mitumbwi na samaki. Inawezekana, au nitawachosha wote nisimfurahishe hata mmoja? Na kweli Kahe kuna kitu cha kuona? Nimepita pale kwa treni mara mbili, sikuona zaidi ya stesheni na mama wanaouza ndizi.

Dereva wa Majengo

Dada, mfikishie Mzee shikamoo yangu.

Mimi naendesha wageni mwaka wa kumi na tano huu. Wengi nawapeleka geti la Marangu, la kupandia Kilimanjaro, wakiwa wanacheka na kuwafuata wakiwa wanachechemea. Lakini mara moja moja napata mtu mzima kutoka Uingereza, Afrika Kusini au India, ana karatasi iliyokunjwa mara nne, babu yake alipigana huku. Hao ndio walionifundisha Kahe, si shule.

Kwanza futa huo mpango wa asubuhi vita, mchana mto. Ukiutenganisha hivyo, watoto watanuna asubuhi na Mzee atasinzia mchana. Pale Kahe vita ilikuwa ni mto wenyewe. Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga, ikafika Moshi 1911. Vyakula, risasi, majeruhi, vyote vilipita kwenye reli hiyo. Machi 1916 Waingereza chini ya Jenerali Smuts wakavunja ngome ya vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12. Baada ya hapo Moshi ikawa wazi. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, hakuing'ang'ania, akashuka na askari wake mpaka Kahe, akajipanga nyuma ya maji. Ukifika utaelewa: huku juu ni tambarare ya miiba na jua, kule chini ghafla msitu mzito, vijito vinavyoingiliana, matope, na nyuma yako daraja la reli la kukimbilia. Mamba pia walikuwepo, na hao hawakuwa na upande. Tarehe 21 Machi walipigana kutwa kwenye vichaka vile. Daraja likalipuliwa, na usiku Wajerumani wakavuka Ruvu kwenda Lembeni. Halafu masika ikashuka, na upande huu wa reli vita ikalala mpaka Mei. Matope yaliwafunga wote.

Kwa hiyo mkiwa ukingoni pale, Mzee anaangalia anachokitafuta na watoto wanaangalia maji, na nyote mnaangalia mahali pamoja.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msichelewe zaidi, joto la Kahe halina adabu. Piteni njia ya mashamba ya mpunga, Mabogini na Chekereni, ili watoto waone mifereji. Ule mradi ulikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, na maji ndiyo ugomvi wa kila mwaka mpaka leo. Kutoka mjini mpaka stesheni ya Kahe ni kama kilomita ishirini lakini msihesabu kwa kilomita, hesabuni kwa mashimo.

Pale stesheni shukeni, msalimieni stesheni masta, mwelezeni mmemleta Mzee. Usianze kutoa simu na kupiga picha reli na daraja kabla hujaongea na mtu, utajieleza mpaka jua lizame. Ukiongea vizuri, mara nyingi anapatikana mtu wa kuwasindikiza. Mwambie akuonyeshe na njia ya zamani ya kwenda Taveta. Waingereza waliivuta reli yao kutoka Voi wakati wa vita ile ile, ikaja kuungana na ya Mjerumani hapo hapo Kahe. Sasa imemezwa na majani, lakini tuta unaliona ukionyeshwa.

Usitegemee jumba la makumbusho. Hakuna bango, hakuna tiketi, hakuna anayeuza soda yenye picha ya mzinga. Daraja lililopo si lile lililolipuliwa. Niliwahi kumleta bwana mmoja akakasirika kabisa, akaniuliza "ndiyo hii tu?" Nikanyamaza. Dakika kumi baadaye alikuwa amekaa kwenye jiwe anatazama maji yanavyozunguka nguzo, rangi ya chai ya maziwa, na kijana anavusha baiskeli begani, maji kifuani, sandarusi ya mahindi kichwani. Akaniambia babu yake aliandika kwamba walivuka hivyo hivyo, bunduki juu. Hakutaka kuondoka.

Onyo: kama kumenyesha siku mbili kabla, ahirisheni. Mimi Aprili moja niliingiza Noah kwenye udongo mweusi karibu na mto kwa kuwa mgeni alitaka kusogea "kidogo tu". Gari lilikaa chini kama kuku anayeatamia. Trekta la mkulima wa mpunga lilitutoa saa mbili usiku, na mgeni akala ugali wa watu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Elfu sitini zilinitoka, na bampa la nyuma nililiacha kule.

Mjukuu wa Keya

Dereva ameeleza vizuri, mimi naongeza mawili matatu.

Ruvu hii si ile ya Pwani na Morogoro, msije mkasoma mtandaoni mkachanganya. Hii inatoka Ziwa Jipe, inapita Kahe, inakutana na Kikuletwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na ikitoka pale inaitwa Pangani.

Watoto waambie habari ya mzinga. Meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, iliangamizwa Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake kumi, kila mmoja wa milimita 105, wakaiburuta nchi nzima kwa mikono ya watu. Mmoja ulifika Kahe, na walipokimbia wakauharibu wakauacha. Hebu fikiria mzinga wa meli, mbali na bahari namna ile, katikati ya nyani.

Na nani aliuburuta? Ndiyo habari ya babu mkuu wa watoto wako. Vita ile ilitembea kwa vichwa na migongo ya watu, pande zote mbili. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wachache kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Hapa Moshi kuna makaburi ya vita, yamepangwa safi, majina yamechongwa. Mpeleke Mzee akipenda, lakini mwandae: mpagazi hatamkuta. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri na kuomba radhi kwamba kati ya 116,000 na huenda 350,000 waliokufa kwenye vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hao ni wa upande wa Waingereza tu. Aliyebebea Wajerumani kama baba yake Mzee, ndiyo kabisa.

Wa Himo

Mnamficha dada Taveta kwa nini? Kutoka Himo mpaka Holili ni hapo tu. Ng'ambo, upande wa Kenya, kuna kilima cha Salaita, Februari 1916 Makaburu walitimuliwa pale na askari weusi wa Mjerumani waliokuwa wakiwadharau. Wakaacha hata bunduki zao za rashasha. Wabaluchi wa jeshi la India ndio walioziokoa wakawarudishia, na inasimuliwa waliandika kibarua cha kejeli, kwa sababu Makaburu walikuwa wakiwaita makuli. Babu atacheka mpaka meno yadondoke.

Dereva wa Majengo

Kaka wa Himo, Salaita naipenda kuliko wewe. Lakini mzee wa miaka 84, foleni ya mpakani kwenda na kurudi, halafu watoto wanauliza maji yako wapi? Hiyo ni siku yake peke yake. Na baba yake Mzee alisema reli inavuka mto. Salaita hakuna mto, na shida ya maji ndiyo iliyowatesa wote pale.

Mchuuzi wa Perege

Mimi nanunua samaki Nyumba ya Mungu, naleta soko la Mbuyuni, Moshi. Mkitoka Kahe msirudi Moshi, tokeni barabara kuu, mpite kama mnakwenda Mwanga, halafu mkate kulia kushuka bwawani. Watoto wenu ndipo watakapofurahi. Maji yale yale ya Babu, ila yamepanuka mpaka unadhani ni bahari, na miti iliyokufa imesimama ndani kama wazee wa baraza.

Mtauliza mfike saa ngapi? Mitumbwi inarudi alfajiri. Saa nne asubuhi samaki wazuri wameshapanda boda. Kwa hiyo mpigieni mtu awawekee, ama mridhike na waliobaki. Perege wa pale ni wadogo kuliko wa zamani, makokoro yametumaliza, lakini utamu ni ule ule. Chagueni wenyewe: jicho linang'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Mama wa ukingoni watawakaangia hapo hapo, ugali, pilipili ya kusaga, ndimu. Kambale waachieni wanaume wanaodai wanamweza. Ulizieni pia kama bwawa limefungwa, maana kuna wakati serikali inazuia uvuvi samaki wazaliane, mtafika mkute nyavu zimeanikwa na watu wanacheza bao.

Kuogelea hapana. Viboko wapo na mamba wapo. Waingie mtumbwini na mvuvi, karibu na ufuko, basi. Pale kwenye tuta lenye mitambo ya umeme msikaribie na kamera.

Mama Tumaini

Nimerudi, nilisahau kuwashukuru. Tulikwenda Jumamosi iliyopita.

Stesheni masta alimpa Babu kiti. Kisha akatupa kijana wa kutusindikiza mpaka darajani, taratibu, tukipumzika kila baada ya hatua hamsini. Babu alifika, akasimama, hakusema kitu. Akauliza: "Wajerumani walikimbilia upande upi?" Kijana akaonyesha ng'ambo, upande wa Lembeni. Babu akasema, "Basi na baba alipita pale, na hakujua kuogelea." Mwanangu wa miaka 9 akamuuliza kama baba yake alilipwa. Babu akajibu alirudi Singida baada ya miaka mitatu na blanketi moja, na blanketi lenyewe bibi alilikata vipande viwili kwa sababu lilikuwa na chawa upande mmoja. Hilo la blanketi hata mume wangu alikuwa hajawahi kulisikia.

Halafu akakuta mzee wa Kikahe anatega migono ukingoni, wakabishana nusu saa kama maji yale yanaitwa Ruvu au Pangani. Watoto walikaa wakitazama migono inavyotolewa, mmoja ulikuwa na kambale wadogo watatu na kaa. Yule wa miaka 12 alishikwa kidole na kaa, ndiyo habari anayoisimulia yeye, vita hana habari nayo.

Bwawani tulifika saa saba, perege wakubwa wameisha kama ulivyosema dada mchuuzi. Tulipata sita wa kiganja. Babu alikula wawili, vichwa na yote, akalala ndani ya Noah mpaka Himo. Alipoamka akasoma kibao cha Holili akauliza ni wapi, na dereva wangu, mdomo haumkai, akamsimulia Makaburu na bunduki zao.

Kwa hiyo wewe wa Himo, hati ya kuvukia mpaka inachukua muda gani? Anaondoka Alhamisi.