Uhindi kwenye muziki wa klasiki wa Wazungu: upo kweli au ni mapambo?

Mwalimu wa Tudor
Salaam wenzangu. Mie nafundisha watoto piano, nazunguka majumbani Tudor, Kizingo mpaka Nyali. Mama mmoja, watu wa asili ya Gujarat, ataka binti yake apige mbele ya jamaa siku ya Diwali. Msichana ana miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi. Sharti la mama ni moja: kiwe cha klasiki, lakini Uhindi uwe ndani yake. Nikamtajia Lakmé ya Delibes, opera ya Kifaransa ya 1883 ambayo kisa chake ni cha India. Akacheka, akasema hayo ni maua na vilemba tu, Uhindi uko wapi?

Sasa nauliza. Kuna mtunzi wa Ulaya au Marekani aliyekaa kitako akajifunza huo muziki hadi ukambadilisha? Na kipande cha piano ambacho mtoto atakiweza?

Bint Kuze
Holst, yule mtunzi wa Kiingereza aliyetunga The Planets, muziki wa sayari! Alisoma Kisanskriti mpaka akawa ajitafsiria mwenyewe nyimbo za Rig Veda, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kisha azitungia muziki wa kwaya. Pia ana opera fupi, Sāvitri, aliyoitunga 1908, ikachezwa London 1916. Ila mie nimeisikiliza, na masikio yangu yaniambia muziki ni wa Kiingereza. Alichukua hadithi na maneno.

Tabla wa Kibokoni
Mwalimu, hapo umepita mlangoni pangu. Tabla, zile ngoma mbili za Kihindi, naipiga harusini tangu sijaota ndevu, na aliyenishika mkono alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Biashara Street. Bint Kuze asema kweli juu ya Holst, lakini kuna wengine walioingia ndani zaidi.

Sisi hapa Mombasa tulichukua mahadhi. Juma Bhalo alikuwa akitwaa wimbo wa filamu ya Kihindi, aupachika mashairi ya Kiswahili, na mji mzima waimba. Hesabu ya Wahindi tuliiacha kulekule. Kwenye taarab mie natwanga mapigo yangu, watu watunza, biriani yaja, basi. Hao watunzi unaowauliza walifanya kinyume chetu: mahadhi waliyaacha, wakaondoka na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mzungu hukata muda kama mkate wa sinia: mzima, nusu, robo, nusu ya robo. Mhindi huanza na pigo dogo kabisa, kisha ajumlisha: mawili, matatu, mawili, mawili. Halafu mjumuisho wote wazunguka na kurudi pigo la kwanza, nalo laitwa sam. Mzunguko kama huo ndio tala. Chukua tala ya tintal, mapigo 16. Mzee wangu alinikataza kushika ngoma mpaka niweze kuihesabu kwa mikono: kofi kwenye 1, kofi kwenye 5, kwenye 9 hupigi, wapunga mkono hewani, kisha kofi kwenye 13. Pale kwenye 9 ndipo wanafunzi wote hupotea. Sauti nzito ya ngoma ya kushoto yaondoka, mtu adhani amefika mwisho, na bado ana nusu ya safari.

Sasa Philip Glass, mtunzi wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa Paris, akapata kibarua cha kuandika noti za muziki wa filamu wa Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, ili wanamuziki wa Kifaransa waweze kuupiga. Aandika, wapiga, na Alla Rakha, mpiga tabla, akataa: mkazo umekaa pabaya. Arekebisha, Alla Rakha akataa tena. Mwishowe Glass akafuta ile mistari ya kugawa mapigo kwenye karatasi, na hapo ndipo alipoona kilichokuwa mbele yake: mafungu ya mawili na matatu yakifuatana, hakuna la kukatwa.

Aliporudi New York akatunga 1+1, mwaka 1968: mtu mmoja, meza moja iliyotiwa kipaza sauti, na vijipande viwili vya mapigo vya kuunganisha. Mtu agonga meza, wallahi! Kwetu ukifanya hivyo chai ikiwa mezani wafukuzwa.

Kwa binti mtafutie Two Pages, ya mwaka huohuo. Yaanza na noti tano zinazopanda. Kisha tano na nne. Kisha tano, nne na tatu. Kisha mbili yaongezwa, halafu yarudi nyuma. Mstari ni mmoja tu, mikono yapiga noti zilezile. Nzima ni ndefu, mpe dakika tatu za mwanzo. Bibi yake akiwa ajua tala, kidole chake kitaanza kuhesabu chenyewe.

Chumvi Nyingi
Mzee, kwa heshima yako, Glass alikuwa karani wa noti tu. Na Messiaen, yule mtunzi wa Kifaransa anayesifiwa kwa tala, alizikuta kwenye ensaiklopidia ya Kifaransa. Huko ni kujifunza?

Tabla wa Kibokoni
Mwanangu, alizikuta kitabuni, naam: tala 120 za Sharngadeva, mwanachuoni wa karne ya 13. Lakini tazama alichozifanyia. Kwenye kwateti, kipande cha ala nne, aliyoitunga akiwa mateka wa vita, ikapigwa kambini Görlitz Januari 1941, sehemu ya kwanza piano ina mapigo 17 yaliyoungwa kutoka tala tatu. Juu yake kaweka mafungu 29 ya noti zipigwazo kwa pamoja. 17 na 29 havikutani mpaka upige mapigo 493, na muziki wakatika kabla ya hapo. Sharngadeva hakufanya hivyo. Messiaen alichukua kitu cha watu akajenga chake, kama Bhalo.

Ukitaka waliokaa miguuni pa mwalimu, mtazame Terry Riley, mtunzi wa Marekani. Alianza na Pandit Pran Nath, mwimbaji wa India, mwaka 1970 na hakumwacha hadi mzee alipofariki 1996. Huyo naye utamwita karani?

Mwalimu wa Tudor
Shukrani, mzee. Two Pages nimeipata, kesho nampelekea. Na John Cage, yule mtunzi wa Marekani, je? Nasikia naye ana vipande vya piano vyenye Uhindi.

Tabla wa Kibokoni
Anavyo: sonata 16 na viingilio vinne, alivitunga kati ya 1946 na 1948. Gita Sarabhai kutoka India alikuwa New York, wakabadilishana masomo, yeye amfunza Cage ya kwao, Cage amfunza ya kwake. Vipande vyenyewe vyafuata zile hisia za kudumu za Kihindi, rasa, na ni vizuri mno. Lakini piano lazima kwanza itiwe skrubu, bolti na vipande vya mpira katikati ya nyuzi, kila kimoja mahali pake palipopimwa. Piano ya watu, ndani ya Nyali? Omba ruhusa kwa babake, na jina langu usilitaje.