Mjadala: Zahanati ikiishiwa dawa, nani aandike mtandaoni, mganga au mgonjwa?

Mwana Igogo (mleta mada):

Wakuu, salaam. Naleta hoja, tuichambue bila matusi.

Zahanati nyingi hapa Mwanza zina sanduku la maoni. Limepigiliwa ukutani, lina kufuli, na ufunguo anao yuleyule unayetaka kumsema. Wengi hawajui kuna chombo chenye nguvu kuliko hilo sanduku: kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wananchi wa kawaida wamo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayopitisha matumizi. Dawa zikiletwa na MSD, bohari ya dawa ya serikali, wajumbe wanatakiwa washuhudie maboksi yakifunguliwa. Sasa niambieni, nani humu anamjua mjumbe wake? Muhtasari wa kikao uliusoma wapi?

Pendekezo langu: kila kituo kiwe na ukurasa wa wazi mtandaoni. Dawa zipi zimeingia, zipi zimeisha, kikao kimepitisha nini, mashine ya maabara inafanya kazi au imekufa. Na usiandikwe na ofisi peke yake. Mgonjwa aliyeambiwa "kanunue nje" aandike, mganga mfawidhi arekebishe kama si kweli, na kila badiliko libaki linaonekana, nani kabadilisha na lini. Wikipedia inaendeshwa hivyo, na ya Kiswahili ipo tangu 2003. Jirani zetu wa Mara nao wameshaanza: kupitia mradi wa Crowd2Map, wanavijiji wenyewe wanaingiza vijiji vyao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuijaza, ili binti anayekimbia ukeketaji afikiwe haraka. Hawakusubiri mtu wa ramani kutoka Dodoma.

Nani anapinga, na kwa nini?

Nesi wa Kisiwani:

Napinga, na nafanya kazi hukohuko unakokusema.

Hilo la "nani kabadilisha na lini" umeliandika kama jambo jepesi. Kituo chetu kina watumishi wa kuhesabu kwa vidole. Usiku nazalisha kwa tochi ya simu, asubuhi nipo dirisha la dawa, mchana najaza rejista. Nikitoka hapo nikajibu watu mtandaoni? Na mtu akiandika "nesi wa zamu ya jana ana majibu mabaya", kisiwa kizima kinajua nesi gani. Tupo wangapi?

Halafu suala la dawa. Sisi tunaagiza, zinakuja pungufu, tunaotukanwa ni sisi. Juzi mama mmoja kagombana nami kwa sababu sikumpa mwanawe dawa mseto, wakati kipimo cha haraka kimeonyesha mtoto hana malaria. Huyo mngempa ukurasa angeandika nini? "Dawa zipo, nesi kazificha." Na mngemwamini.

Kitochi Original:

Sista kamaliza kila kitu. Naongezea moja tu: bibi yangu yuko Magu, ana kitochi, bando hajui hata linanunuliwaje. Huo ukurasa utasomwa na nyie wa Capri Point mnaotibiwa hospitali binafsi kwa bima. Kelele zenu, foleni ya bibi.

Na Loliondo mmesahau? 2011 hiyo. Watu walijazana kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya Babu, aliyesema inaponya kila kitu, wengine wakaacha ARV. Leo unataka kila mtu aandike habari za dawa!

Mama Wawili:

Naomba niseme kama mzazi. Mwanangu mkubwa ana selimundu. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda yetu ya Ziwa ni moja ya sehemu zenye wengi zaidi. Tuna kundi la WhatsApp la wazazi. Kule ndiko nilikofundishwa na wenzangu kumpapasa mtoto upande wa kushoto chini ya mbavu kila siku, nijue bandama ikivimba ghafla nimkimbize hospitali bila kusubiri kuche. Daktari alilitaja, ila foleni nje ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nalia, sikushika kitu. Mzazi mwenzangu alinirekodia video, mkono wake kwenye tumbo la mwanawe, anaonyesha unaanzia wapi na unabonyeza kiasi gani. Haidroksiurea, dawa ya selimundu, ikipatikana duka fulani Mwanza mjini, ujumbe unafika siku hiyohiyo.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wagonjwa hawana cha kuandika.

Lakini kundi hilohilo liliwahi kuingiliwa na muuza juisi ya "kuongeza damu", akawaambia wazazi waache vidonge vya folik wanavyopewa watoto hospitali. Na kuna siku mtu alituma picha ya mtoto wa mwenzetu yuko na dripu, kadi ya kliniki inasomeka jina mpaka mtaa. Yule mama alisemwa na mawifi kwamba kaleta ugonjwa kwenye ukoo, kana kwamba baba hakuchangia! Sasa tuna amri moja: hakuna sura, hakuna kadi. Na sheria ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Watu wanadhani inahusu mabenki tu.

Mwana Igogo (mleta mada):

Mama Wawili, asante, umenisaidia kuchora mstari. Habari za kituo ni mali ya umma, ziwekwe wazi. Habari za mwili wa mtu ni zake, zisiingie pale kabisa.

Kitochi, mdogo wangu, Loliondo inanitetea mimi. Mwaka ule wangapi walikuwa na simu janja? Uvumi ulikwenda kwa mdomo, kwa redio na kwa basi, na hapakuwa na mahali pa wazi palipoandikwa nani kanywa na hali yake baadaye ikawaje. Linganisha na hili: Marekani kuna PatientsLikeMe, tovuti ambayo wagonjwa wanaandika hali zao, ilianzishwa 2004 na ndugu wa mgonjwa wa ALS, ugonjwa unaonyong'onyeza misuli mpaka pumzi. Mwaka 2008 utafiti mdogo wa Italia ukasema litiamu inaupunguza kasi. Wagonjwa wakaanza kuimeza na kuandika hali zao pale, wazi, wakilinganishwa na wenzao wasioitumia. Matokeo yalichapishwa 2011: haisaidii. Wagonjwa wenyewe ndio waliosaidia kuzima tumaini la uongo. Wangekuwa wananong'onezana, litiamu ingekuwa inauzwa kama dawa ya ALS mpaka leo.

Kuhusu bibi wa Magu: m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ilijaribiwa kwetu huku, Sengerema, kabla ya kutangazwa nchi nzima 2022. Unapiga 115, bure, kitochi kinatosha. Hata ukurasa huu ukipata namba ya kupiga, na karatasi yake ikabandikwa kwa mtendaji, bibi kasoma au kasomewa.

Ila sista, la watumishi wachache sina jibu. Hilo ni la ajira.

Mvuvi wa Mwalo:

Mnagombania dawa zilizoisha, sisi huku hata hatujaletewa. Kichocho kiko mialoni, tunakotia nanga mitumbwi, kila mtu anajua. Miaka mingi dawa yake, prazikwanteli, imekuwa ikigawiwa shuleni. Mimi sisomi shule, nashinda majini. WHO 2022 wamesema kwenye maeneo yenye maambukizi mengi wapewe wote kuanzia miaka miwili, watu wazima ndani. Sasa nani kaniuliza mwalo gani una konokono wanaokieneza, wapi watoto wanaoga, wapi hakuna choo kambi nzima? Tukipewa hiyo ramani tutaijaza sisi. Tatizo ni moja: mwalo ukiandikwa "una kichocho", wenye mahema na magenge ya chakula watatufukuza. Biashara ni biashara.

Nesi wa Kisiwani:

Mvuvi kasema kweli, hata kwangu wanaokuja na tumbo limejaa maji ni wavuvi, na wanakuja wamechelewa.

Haya, nalegeza kidogo. Ukurasa wa dawa naukubali kwa sharti: uwe na safu mbili, tulichoagiza na tulicholetewa, na tarehe za vyote viwili. Hapo mtajua wa kumtukana. Malalamiko yanayomtaja mtumishi yapitie kwenye kamati kwanza, asikilizwe, ndipo yaandikwe. Mwenyekiti wa kamati yetu ni fundi mitumbwi, ana simu janja na muda wa jioni, anaweza kuandika yeye badala yangu.

Kikao chetu ni mwezi ujao, nitaipeleka hoja. Najua swali la kwanza wataniuliza, kwa hiyo mleta mada nijibu mapema: bando la mwenyekiti linatoka fungu gani?