Naomba ushauri: shule zimefungwa, wa darasa la pili namfundishaje?

Wazazi wenzangu na walimu, naombeni msaada. Shule zimefungwa na haijulikani zitafunguliwa lini. Ninao wawili, wa darasa la sita na wa darasa la pili, na simu ni moja.

Mkubwa anajisomea, ingawa nikigeuka tu yuko kwenye gemu. Shida ni mdogo. Kusoma anasoma, ila nikifunika picha anaanza kubahatisha. Nahisi hadithi zile amezikariri. Kwenye kutoa ndiyo balaa: 52 toa 27 anaandika 35, maana kwenye mamoja anachukua 7 anatoa 2. Kukopa hataki kusikia. Nimemfungia vijiti mafungu ya kumi kumi, akifungua fungu moja anapata 25 bila shida. Akirudi kwenye daftari, yale yale!

Je, niendelee na vijiti au nikazanie daftari? Na kwa umri wake akae chini muda gani kwa siku? Ratiba nzima ya shule naona ni kumtesa, na mimi kazi zinanisubiri. Halafu, mkubwa akimfundisha mdogo inafaa, au wataishia kugombana tu? Walimu mliopo, msinipite jamani.