Fedha ya vitabu vya rejea vya maabara imepatikana: tuanze na kipi?

Mwisho wa Reli (Kigoma)

Habari za kazi, ndugu wanataaluma. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja mkoani Kigoma, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa usimamizi wa maabara yetu. Jambo lililonileta hapa ni la heri, ila limenikosesha usingizi kidogo. Uongozi umekubali kutenga shilingi milioni tatu kwa ajili ya vitabu vya rejea, na natakiwa kuwasilisha orodha kabla ya mwisho wa mwezi ili taratibu za manunuzi zianze.

Kabati letu la sasa lina juzuu mbili za Monica Cheesbrough kuhusu maabara za wilaya katika nchi za joto, kitabu cha patholojia cha Robbins toleo la 8 ambacho jalada lake lilikwisha kung'oka, na bahasha ya nakala za kurudufu ambazo hakuna anayekumbuka zilitoka kitabu gani. Tunapima malaria, kifua kikuu, picha kamili ya damu, choo, mkojo, makundi ya damu na baadhi ya vipimo vya kemia, na mwaka huu tumeanza kuotesha bakteria kutoka kwenye mkojo na usaha. Mwanapatholojia hatuna. Sampuli za tishu tunazipeleka Mwanza.

Nimesikia kwamba Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa upya vile Vitabu vya Buluu vya uainishaji wa uvimbe na saratani, na daktari wetu wa upasuaji anatamani sana tuwe navyo. Wenzangu wa maabara wao wanataka Robbins mpya na Tietz ya kemia. Fedha haitoshi kwa yote. Je, mngekuwa mahali pangu, mngeanza na kipi, na kipi mngekiacha bila majuto? Intaneti tunayo, ila kuna siku hukatika kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo naomba msinijibu kwamba kila kitu kipo mtandaoni.

Daktari wa Slaidi (Mwanza)

Ndugu yangu wa Kigoma, hongera kwa kupata fedha hiyo, na mpe pongezi zangu aliyeidhinisha, kwa kuwa viongozi wanaokumbuka vitabu ni wachache. Mimi ni mwanapatholojia, na vitabu hivyo vya buluu navitumia kila wiki. Hata hivyo, nakushauri usivinunue.

Nieleze sababu. Toleo la 5 la vitabu hivyo, linalosimamiwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika hilo iliyoko Lyon, Ufaransa, lilianza kutoka mwaka 2019 kwa juzuu ya mfumo wa chakula, ikafuata ya titi, na tangu hapo kila kiungo kimekuwa kikipata juzuu yake. Maana yake ni kwamba ukisema unanunua Vitabu vya Buluu, umesema unanunua rafu nzima. Na kila juzuu inadhani kwamba msomaji ana tishu iliyokwisha kukatwa na kutiwa rangi, na kwa magonjwa mengi ana pia vipimo vya kingamwili na vya vinasaba. Maabara isiyo na maikrotomu, ile mashine ya kukata tishu vipande vyembamba, haina la kufanya na kitabu hicho zaidi ya kukitazama.

Sisemi kwamba mabadiliko yaliyomo hayawahusu. Yanawahusu kwa njia ya majibu tunayowarudishia. Katika juzuu ya viungo vya uzazi vya mwanamke ya mwaka 2020, saratani za mlango wa kizazi zimegawanywa kati ya zile zinazohusiana na virusi vya HPV na zile zisizohusiana navyo, kwa hiyo daktari wenu akiona maneno hayo kwenye jibu asidhani kwamba tumebuni ugonjwa mpya. Vivyo hivyo kwa limfoma ya Burkitt, ambayo kwa watoto wa ukanda wetu wa malaria si ugeni: zamani tuliigawa kulingana na eneo inakopatikana, na sasa inapendekezwa tuigawe kwa kuangalia kama ina virusi vya Epstein-Barr au haina. Mambo ya namna hii yanaelezwa kwa simu ya dakika tano, wala hayahitaji kitabu cha bei hiyo.

Kitabu cha upande wangu ambacho ningekuombea ukinunue ni kile cha mbinu za histolojia kinachojulikana kwa jina la Bancroft, toleo la 8, na hata hapo nia yangu ni sura ya uhifadhi wa tishu. Mniwie radhi kwa kulisema hili kwa kirefu, lakini ndilo linaloniumiza roho. Nimewahi kupokea titi zima limeshindiliwa ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, formalini ikiwa imelilowesha juu tu, na nilipolipasua ndani lilikuwa limekwisha kuoza. Lilikotoka sitaji. Mama yule alikuwa amekatwa kiungo chake, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Formalini huingia kwenye tishu kwa takriban milimita moja kwa saa, tena kasi hupungua kadri inavyokwenda ndani, kwa hiyo kipande kikubwa lazima kipasuliwe kabla ya kuzamishwa. Tumieni formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ujazo wake uwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu, na chupa iwe na mdomo mpana. Kwa tishu ya titi itakayopimwa vipokezi vya homoni, muda unaokubalika ndani ya formalini ni saa 6 hadi 72. Hesabuni basi siku za safari kutoka Kigoma, na muandike kwenye fomu saa ambayo tishu iliingizwa kwenye dawa. Fomu nyingi zinakuja na jina la mgonjwa na neno moja tu, "uvimbe".

Diski na Rula (Tabora)

Namuunga mkono Daktari, lakini ndugu wa Kigoma, nimeona umetaja kwa kupita tu jambo ambalo mimi ningeliweka juu ya orodha yote: mmeanza kuotesha. Hapo ndipo kitabu kilichopitwa na wakati kinapoweza kumdhuru mgonjwa moja kwa moja.

Nikupe mfano mmoja. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, ukutani palibandikwa jedwali la kutafsiri usugu wa bakteria dhidi ya dawa, limekwisha kuwa la manjano, na halikuwa na mwaka. Kwa siprofloksasini na bakteria kama E. coli, jedwali lile lilisema duara lisiloota bakteria la milimita 21 au zaidi kuzunguka diski ya dawa maana yake dawa inafaa. Mwaka 2019 taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, CLSI, ilibadilisha kipimo hicho: sasa duara linatakiwa kufika milimita 26, na kati ya 22 na 25 ni jibu la katikati, wakati 21 kushuka chini ni usugu. Angalia vizuri hapo. Duara la milimita 21, ambalo sisi tulikuwa tukiliandikia kwamba dawa inafaa, kwa jedwali jipya ni sugu kabisa. Diski ilikuwa ileile, rula ileile na mpimaji yuleyule. Na kwa Salmonella vipimo ni vingine tena, vikali zaidi, kwa hiyo msitumie mstari mmoja kwa wote.

Sasa habari njema ni kwamba jambo hili halihitaji fedha yako. Jedwali la Ulaya, la EUCAST, hutolewa upya kila mwaka na kupakuliwa bure. La CLSI nalo husomwa bure mtandaoni, ingawa nakala yenyewe huuzwa. Siku intaneti inapokuwa nzuri, pakua la EUCAST, lichapishe, liandike mwaka kwa kalamu nene, na lile la zamani lichomwe. Chagueni mfumo mmoja na mshikamane nao, kwa sababu mifumo hii miwili haitafsiri duara moja kwa namna ileile, hata neno la jibu la katikati halina maana moja kwao.

Kwa hiyo mimi ningesema vitabu vyote vya kabla ya mwaka 2015 vitolewe kabatini.

Mwalimu Mstaafu (Tabora)

Nimewasoma wanangu wote, na ninakubaliana na Diski na Rula kwa kila neno isipokuwa la mwisho. Nimefundisha wateknolojia kwa miaka mingi, na Cheesbrough hatoki kabatini nikiwa hai.

Kuna elimu inayochacha na kuna elimu isiyochacha. Majedwali ya usugu yanachacha, mpangilio wa vipimo vya VVU unachacha, majina ya saratani yanachacha. Lakini namna ya kutandaza damu kwenye slaidi, kutayarisha rangi ya Giemsa kwa maji yenye pH ya 7.2, kutambua yai la kichocho au la mnyoo wa safura, haya hayajabadilika, na sijaona kitabu kipya kilichoyaeleza kwa upole kama mama Cheesbrough alivyoyaeleza, akijua kwamba msomaji wake anaweza kukosa umeme na maji yaliyosafishwa kwa siku hiyohiyo. Vitabu vikubwa vya Marekani, Tietz na mwenzake Henry, ni vizuri mno kwa anayesimamia mashine kubwa za kemia. Kwa maabara yako, ndugu wa Kigoma, ninaona vitakaa kabatini kama kinu kwenye nyumba isiyo na mahindi.

Nitoe mfano wa kwetu. Homa ya papasi, inayoletwa na bakteria aitwaye Borrelia, bado ni jambo la kukumbuka popote penye nyumba za udongo zenye nyufa. Kijana anatafuta malaria kwenye tone nene, haoni kimelea, anaandika hasi na kusukuma slaidi pembeni, kumbe nyuzi zilizojipinda za Borrelia zilikuwa zinamtazama. Mashine haikuonyeshi hilo, na kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyeshi. Picha nzuri ya kitabu ndiyo iliyowafungua macho wanafunzi wangu.

Na hapo kwenye picha nisimame kidogo. Usinunue nakala za kurudufu za mtaani, hata zikiwa robo ya bei. Madoa ya Schüffner ndani ya chembe nyekundu, alama ya aina fulani za malaria, ni ya waridi hafifu. Kwenye nakala ya rangi moja hayapo, na kwenye nakala ya rangi mbovu yapo hata pale yasipostahili kuwapo. Kwa fedha hiyo tafuta Dacie na Lewis ya hematolojia, toleo la 12, kwa kuwa nyinyi mnasoma damu kila siku na mna watoto wa selimundu. Kadi za picha za malaria na za vimelea vya tumboni zinazotolewa na Shirika la Afya Duniani zitafutwe ziwe pembeni mwa hadubini. Hizo za vimelea zina toleo la pili la mwaka 2019, tena zinapakuliwa bure.

Jambo la mwisho, hospitali yako ijisajili Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusoma machapisho ya tiba mtandaoni. Taasisi za Tanzania zinaingia bila malipo, na humo mna majarida na vitabu vingi vya tiba. Usajili ni wa taasisi, si wa mtu binafsi, kwa hiyo mkabidhini mkutubi au yeyote mwenye subira.

Msimamizi wa Ubora (Kigoma)

Naongeza mawili tu, kwa kuwa wakaguzi ndio watakaokuuliza. Kiwango cha ithibati cha ISO 15189 kilitolewa upya Desemba 2022, na sasa kinasisitiza usimamizi wa hatari na kimeingiza ndani yake vipimo vinavyofanyika kando ya mgonjwa, ambavyo zamani vilikuwa na waraka wao. Kama taratibu zenu za kazi bado zinataja toleo la 2012, anzeni hapo kabla ya Robbins. Pili, mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 4 la mwaka 2020, ni wa bure, na umeacha kuanza na viwango vinne vya usalama wa maabara tulivyokaririshwa chuoni. Unaanza na tathmini ya hatari ya kazi yenyewe.

Halafu, kitabu chochote mtakachonunua kiingizwe kwenye orodha ya nyaraka zinazodhibitiwa, toleo na mwaka vikiandikwa. Jedwali lile la manjano la ndugu wa Tabora lilidumu ukutani kwa sababu halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Mwisho wa Reli (Kigoma)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni sana nyote. Nimekaa na wenzangu leo mchana tukasoma majibu haya kwa sauti, na mteknolojia mmoja alinyanyuka katikati ya kusoma akaenda kuangalia jedwali letu la diski. Halina mwaka. Limeshushwa.

Tumekubaliana kuomba Dacie na Lewis nakala mbili, Bancroft moja, na Robbins toleo la 10 moja, ambayo nakiri tumeiweka kwa ajili ya madaktari wanaokuja mafunzoni zaidi kuliko sisi. Tietz na Vitabu vya Buluu tumeviacha. Kiwango cha ISO tutakiombea fungu la ubora, si la vitabu. Cheesbrough anabaki, ila sura yake ya usugu tumebandika karatasi juu yake inayosema "tazama jedwali la mwaka huu". Daktari wa upasuaji hakufurahi, lakini nilipomsomea habari ya lile titi alinyamaza, kisha akaniuliza kama stoo tuna chupa zenye mdomo mpana. Hatuna. Daktari wa Slaidi, kama hutajali, nitakuandikia faraghani nikuulize nyinyi huko mnatumia vyombo vya ukubwa gani, ili niviingize kwenye maombi haya haya.