Kodi ya kaboni kwa ndege: inapunguza moshi au inauhamishia Istanbul?

Hoja iliyo mezani ni hii: nchi inapoyatoza mashirika ya ndege kodi ya hewa ukaa, je, uchafuzi unapungua kweli, au abiria, mafuta na ajira vinahamia tu kwa jirani asiyetoza? Katika michango iliyotangulia, upande mmoja umeshikilia kwamba kila kodi ya namna hii ni kumtajirisha mshindani kwa hiari, na upande wa pili umesema kilio cha mashirika ni cha mfanyabiashara asiyetaka faida yake iguswe. Mimi naona pande zote mbili zinabishania ukubwa wa kodi, ilhali kinachoamua kama biashara itahama ni mahali kodi hiyo inapokatiwa.

Wanaohofia kuhama hawajabuni hofu yao. Uholanzi ilianza kutoza kodi ya tiketi mwezi Julai 2008, yuro 11.25 kwa safari za karibu na yuro 45 kwa safari za mbali, na haukupita muda Waholanzi wengi wakawa wanavuka mpaka kwa gari kwenda kupanda ndege Düsseldorf na Weeze, Ujerumani, au Brussels, Ubelgiji. Mwaka mmoja baadaye serikali ikaifuta. Ni kweli kwamba msukosuko wa fedha duniani uliangukia miezi ileile, kwa hiyo si kila kiti kilichobaki kitupu Schiphol, uwanja mkuu wa ndege wa Uholanzi, kinaweza kulaumiwa kwenye kodi. Hata hivyo, wanaoutaja mfano huu huishia hapo, wakasahau kwamba Uholanzi iliirudisha kodi hiyo mwaka 2021, wakati Ujerumani ilikuwa tayari inatoza ya kwake tangu 2011. Kuvuka mpaka hakukuwa tena na faida ileile.

Suala la safari za mbali ni gumu zaidi, na hapa ndipo ningependa tukae. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2012 kuyadai mashirika ya ndege vibali vya hewa ukaa, kila kimoja kikiwa ruhusa ya kutoa tani moja ya hewa hiyo, na nia ya awali ilikuwa kuzihusisha safari zote zinazoruka kutoka au kutua katika viwanja vyake, hata zile za kutoka mabara mengine. China iliyakataza mashirika yake kushiriki, Marekani ikatunga sheria ya kuyakinga ya kwake, na Ulaya ikarudi nyuma, ikabaki kuzidai hasa safari za ndani ya eneo lake. Matokeo yake ni kioja. Abiria anayetoka Hamburg kwenda Nairobi akiunganishia Frankfurt, kipande chake cha kwanza kinadaiwa vibali. Akiunganishia Istanbul, safari nzima haidaiwi hata kimoja. Ndugu zetu wengi walioko Ulaya hurudi nyumbani kwa kupitia Istanbul, Doha au Dubai kwa sababu ya nauli, wala hawajawahi kusikia habari za vibali hivyo, lakini pengo hilo limo ndani ya nauli wanayoifurahia. Kila tani ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa takribani tani 3.16 za hewa ukaa. Tukichukulia kibali cha tani moja ni yuro 70, gharama ya kila tani ya mafuta inaongezeka kwa zaidi ya yuro 220. Vibali vya bure vilivyokuwa vikipunguza makali vilipunguzwa kwa robo mwaka 2024, kwa nusu mwaka 2025, na kuanzia 2026 mgao huo umekoma.

Sharti jipya la Umoja wa Ulaya la kuchanganya mafuta endelevu, yaani yasiyotokana na petroli ya kawaida, kwa asilimia 2 ya mafuta yote mwaka 2025 na asilimia 6 ifikapo 2030, lina kasoro hiyohiyo. Linahesabu mafuta yanayojazwa katika viwanja vya Ulaya. Ndege ya moja kwa moja kutoka Frankfurt hadi Singapore inabeba gharama hiyo kwa zaidi ya kilomita 10,000, na inayopitia Istanbul inaibeba kwa takribani kilomita 1,900 tu. Kwa haki ni lazima niseme kwamba watunga sheria waliona mbali upande mmoja: mashirika yanatakiwa kujaza viwanjani humo angalau asilimia 90 ya mafuta yanayohitajika kwa mwaka kwa safari zinazoondokea humo, ili ndege isije na mafuta ya bei nafuu kutoka nje na kuchoma zaidi kwa sababu ya uzito huo.

Sasa tazameni Uingereza. Ushuru wake wa abiria, uliopo tangu 1994, hupangwa kwa kuangalia mwisho wa safari iliyoandikwa kwenye tiketi. Anayetoka London kwenda Nairobi hulipa kiwango cha Nairobi, apite Dubai au asipite. Mianya haikosekani: mtu anaweza kununua tiketi mbili tofauti, na Ireland ya Kaskazini, inayopakana na Jamhuri ya Ireland kwa nchi kavu, ilibidi iondolewe ushuru kwa safari za mbali za moja kwa moja ili Belfast isipoteze abiria kwa Dublin. Lakini kwa sehemu kubwa, kubadilisha kituo cha kuunganishia hakumpunguzii mtu chochote.

Jambo hili linatuhusu. Azimio la Nairobi la Septemba 2023, la viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi, lilitaka utaratibu wa kodi ya kaboni duniani, usafiri wa anga ukiwemo, na mwaka 2025 Kenya ilijiunga na nchi kadhaa, Ufaransa na Hispania zikiwemo, kuunga mkono tozo kwa abiria wa madaraja ya juu. Mimi naunga mkono, kwa sharti kwamba ikatwe kwa mwisho wa safari.

Udhaifu wa pendekezo langu uko kwenye mizigo. Waridi la Naivasha halina tiketi ya abiria. Ndege inaweza kulishusha katika nchi moja na lori likalimalizia safari hadi kwenye mnada wa maua Uholanzi. Anayefanya kazi ya kusafirisha maua atueleze: tozo ya namna hiyo ingekatiwa wapi, shambani, kwenye uwanja wa kuondokea, au mnadani?