XAMPP imegoma dukani baada ya umeme kukatika, na madeni ya wavuvi yote yamo ndani. Naomba msaada

BintiLangoni (Ijumaa, saa 3 asubuhi)

Assalaam aleykum wote. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, nasaidia kwenye duka la ami yangu la vifaa vya uvuvi: nyavu, mishipi, ndoana, chubwi, boya, kamba. Naeleza kwa urefu kidogo ili mnielewe kwa nini naogopa kubahatisha.

Wateja wetu wengi huchukua kwa deni. Kusi ikivuma bahari inachafuka, mtu hukaa siku nyingi bila kutoka, halafu anakuja kuchukua mshipi na ndoana kwa ahadi ya kulipa kaskazi ikiingia. Zamani tuliandika kwenye daftari. Mwaka juzi mvua ilivuja darini, daftari likalowa, wino ukasambaa, na ami akasamehe kila deni lisilosomeka. Ndipo binamu yangu akatutengenezea mfumo mdogo wa PHP na hifadhidata yake, akausakinisha kwa XAMPP, kifurushi kinachowasha Apache na MySQL, programu mbili zinazouendesha mfumo, kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Tulitaka wa hapa hapa dukani, usiotegemea intaneti, maana nyumba zetu hizi za mawe kuta zake nene mno, mtandao ukishika sebuleni haushiki dukani. Naandika localhost/duka kwenye brauza (localhost ni kompyuta yenyewe hiyo hiyo), ukurasa unafunguka. Miezi kumi haujanisumbua.

Jumatatu alikuja fundi kuweka programu ya mashine ya risiti. Tangu aondoke, nikibonyeza Start mbele ya Apache kwenye paneli ya XAMPP, jina linageuka njano, halafu yanatoka maandishi mekundu kwamba Apache imejifunga ghafla, huenda poti imezuiwa, huenda kuna kitu kinakosekana, huenda haina ruhusa. Nikawa naandika kwenye karatasi huku nikisubiri nafasi ya kuuliza. Jana usiku umeme ukakatika kompyuta ikiwa inafanya kazi. Ulivyorudi, MySQL nayo haikai. Inawaka kijani sekunde mbili tatu, inazima.

Binamu yangu ni baharia, yuko melini, simu haipatikani. Jirani ananishauri nifute XAMPP yote niisakinishe upya. Nimekataa. Humo mna madeni ya watu sabini na tatu, na wengi wao hawana hata karatasi upande wao. Yakipotea, itabidi ami amuulize kila mtu anadaiwa ngapi, na atakayekosea kwa kusahau tu ataonekana mwongo mbele ya wenzake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya pesa zenyewe.

Mkunguni

Wa aleykum salaam dada. Usifute! Tena usifute! Ukiiondoa XAMPP unaweza kuondoka na folda ya data, na hapo ndipo madeni yalipo. Funga kila kitu, kisha nakili folda nzima ya C:\xampp kwenye flashi au diski ya nje. Kabla ya hapo usijaribu chochote, hata ushauri wangu.

FundiMwambao

Mkunguni amesema la kwanza na la muhimu. Nakala ichukuliwe MySQL ikiwa imezimwa, na kwa kuwa imezima yenyewe, hapo huna kazi.

Dada, una matatizo mawili yasiyohusiana, yamekutana tu wiki moja. Usiyachanganye. Apache ndiyo inayopeleka kurasa kwa brauza. Hiyo MySQL kwenye paneli kwa kweli ni MariaDB, XAMPP walibadilisha 2015 wakaliacha jina la zamani, na ndiyo inayotunza madeni. Apache kugoma hakujagusa data yako hata kidogo.

Tuanze na Apache kwa sababu ni nyepesi. Kila seva, yaani programu inayohudumia nyingine kama Apache, inasikiliza kwenye mlango wake, unaoitwa poti, na kurasa za kawaida hupitia poti ya 80. Programu mbili haziwezi kukaa mlango mmoja. Naona programu ya risiti imeingia na seva yake. Kwenye paneli ya XAMPP, mkono wa kulia, kuna kitufe cha Netstat. Kibonyeze, utafute mstari wa 80, uniambie jina la programu na PID, yaani namba yake, iliyo hapo. Tazama na 443, poti ya kurasa za https.

Kwa MySQL, bonyeza Logs kwenye mstari wake, ufungue mysql_error.log, faili (log) ambamo MySQL huandika makosa yake, uniletee mistari ya mwisho kumi hivi. Usijaribu kuiwasha tena na tena.

KijanaWaMalindi

Hiyo poti ya 80 bila shaka ni IIS, seva ya kurasa ya Windows yenyewe. Nenda kwenye Services, tafuta World Wide Web Publishing Service, isimamishe na uiweke Disabled. Mimi ilinitokea nikiwa hapa Malindi nasoma, ikapona dakika moja.

BintiLangoni (saa 9 alasiri)

Nimerudi, tulifunga kwa ajili ya swala. Nakala nimechukua, imekula nusu saa.

Netstat inaonyesha 80 imeshikwa na System, PID 4. Poti ya 443 haina mtu.

Faili la log ni refu. Mwishoni linasema kwamba Aria recovery imeshindikana, linataja faili la aria_log, kisha linasema plugin ya Aria haikuanza, na chini yake Aborting.

FundiMwambao

PID 4 ni Windows yenyewe, imeshika mlango kwa niaba ya huduma nyingine. Kwa hiyo KijanaWaMalindi hajakosea, huenda kweli ni IIS. Lakini dada, usiisimamishe. Wewe si mwanafunzi anayejifunza kwenye kompyuta yake, wewe una duka, na fundi yule ameweka kitu ambacho mashine ya risiti huenda inakitegemea. Ukizima huduma hiyo utapata madeni, ukose risiti. Muachie mlango wake, wewe uhame.

Kwenye mstari wa Apache bonyeza Config, chagua httpd.conf. Itafunguka kwa Notepad. Tafuta palipoandikwa Listen 80, ufanye Listen 8080. Teremka utafute ServerName localhost:80, ufanye localhost:8080. Mistari inayoanza na alama ya # iache, hiyo ni maelezo tu, Apache haiisomi. Hifadhi, funga, washa.

Kuna jambo huwapotosha wengi. Kwenye Config kubwa ya juu kuna sehemu ya Service and Port Settings, nayo ina namba za poti. Kubadilisha pale peke yake hakuhamishi Apache. Pale unaiambia paneli tu iangalie poti gani, kwa hivyo weka 8080 baada ya kurekebisha httpd.conf.

Sasa Aria. Hapa nina habari njema. MariaDB ina namna zaidi ya moja ya kuhifadhi meza. Aria inatumika kwa meza zake za ndani, zile za majina ya watumiaji na ruhusa. Meza za madeni, kama binamu yako alifuata kawaida, ni za InnoDB, na hizo huwa na kumbukumbu yake ya kujirudisha umeme ukikatika. Kilichoumia ni daftari la funguo, si daftari la madeni.

Ingia C:\xampp\mysql\data. Utaona aria_log_control na aria_log.00000001. Zihamishe, usizifute, uziweke kwenye folda mpya pembeni. Kisha washa MySQL. Ikigoma, lete log tena.

Na tafadhali, faili linaloitwa ibdata1 usiliguse kabisa, ndilo lenye kumbukumbu ya meza zote za InnoDB. Watu hunakili folda ya hifadhidata yao peke yake wakaliacha ibdata1, baadaye wanaona majina ya meza yote yapo, wakifungua wanaambiwa meza haipo. Nimeona mtu mzima analia kwa hilo.

MzeeWaMatondoni

Binti yangu, mimi si mtu wa kompyuta, nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu anisomee. Ami yako akisamehe lile daftari lililolowa, na mimi nilikuwa mmojawapo wa waliosamehewa. Nikaenda nikalipa niliyoyakumbuka. Usiwe na hofu kubwa na watu. Lakini shika maneno ya fundi huyu.

BintiLangoni (saa 2 usiku)

Baba, nimemsomea ami maneno yako, amekusalimia sana.

Apache imewaka! Kijani na imekaa. Nimeandika localhost:8080 ukurasa wa XAMPP ukafunguka.

MySQL bado. Aria haitajwi tena, lakini sasa log inasema haiwezi kufungua meza za ruhusa, index ya meza inayoitwa db imeharibika. Moyo ulinienda mbio nilipoona db, nikadhani ni hifadhidata yangu.

FundiMwambao

Tulia. Hiyo db ni jina la meza moja ndani ya folda ya mysql, ile ile ya funguo. Ni kama nilivyokwambia.

XAMPP huja na akiba yake. Tazama C:\xampp\mysql\backup, ndani utaona folda ya mysql iliyo safi kama siku ya kwanza. Rudi kwenye data, ile folda ya mysql iliyoharibika ibadilishe jina, iite mysql_mbovu. Kisha nakili folda ya mysql kutoka backup uiweke ndani ya data. Hiyo moja tu. Folda ya duka na ibdata1 na vile viwili vya ib_logfile vibaki pale pale vilipo.

Utaona mtandaoni watu wanaambiwa wabadilishe folda ya data nzima kwa backup, halafu warudishe vyao. Ni njia, lakini ina nafasi nyingi za kusahau kitu. Tukiweza kubadilisha kidogo, tubadilishe kidogo.

BintiLangoni (Jumamosi, saa 1 asubuhi)

MySQL imewaka, alhamdulillah. Nimeiangalia dakika kumi nzima haijazima.

Lakini localhost:8080/duka inasema mtumiaji duka_mtu amekataliwa. Nimefungua phpMyAdmin, ukurasa wa XAMPP wa kusimamia hifadhidata, na ya duka naiona upande wa kushoto. Naogopa kubonyeza.

Mkunguni

Hiyo nilikuwa naitarajia. Daftari la funguo ni jipya, halimjui huyo mtumiaji. Ndani ya C:\xampp\htdocs\duka kutakuwa na faili lenye maelezo ya kuunganisha, mara nyingi config.php au jina la karibu na hilo. Humo mna jina la mtumiaji na neno la siri alilochagua binamu yako. Usilibandike hapa. Nenda phpMyAdmin, User accounts, ongeza mtumiaji mwenye jina lile lile, host localhost, neno la siri lile lile, kisha umpe ruhusa kwenye hifadhidata ya duka peke yake.

Ukimaliza, kumbuka pia kwamba root, yaani mtumiaji mkuu wa MySQL, sasa hana neno la siri, ndivyo XAMPP inavyokuja. Kama kompyuta hiyo iko kwenye waifai moja na watu wengine, mwekee. Ukimwekea, ile phpMyAdmin itakataa kufunguka mpaka ulibadilishe na kwenye faili lake la config.inc.php, kwa hivyo fanya hilo siku yenye nafasi.

BintiLangoni (saa 4 asubuhi)

Umefunguka.

Nimeteremka mpaka mwisho wa orodha. Deni la mwisho nililiingiza mwenyewe, ni la Jumatatu asubuhi kabla ya fundi wa risiti kuja: mishipi miwili, ndoana pakiti moja, boya sita, na jina la mwenyewe. Lipo. Watu sabini na tatu, nimewahesabu mara mbili. Ami alikuwa amesimama nyuma yangu, akavuta kiti akakaa, hakusema kitu, akaenda kuwachukulia watu waliokuwa barazani kahawa.

Zile karatasi za Jumanne hadi Alhamisi naziingiza sasa hivi. Na mashine ya risiti inafanya kazi kama kawaida.

FundiMwambao, Mkunguni, sina cha kuwalipa ila dua.

FundiMwambao

Amin, na hongera kwa kutofuta. Hilo ulilifanya kabla yetu.

Kabla hujaingiza hata karatasi moja, chukua nakala nyingine, na hii iwe ya aina tofauti. Kwenye phpMyAdmin chagua hifadhidata ya duka, bonyeza Export. Utapata faili moja la .sql, ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad ukaona majina ya watu. Hilo linarudi kwenye kompyuta yoyote yenye MySQL au MariaDB, hata kama hii yako ikitumbukia baharini. Fanya hivyo kila jioni, na flashi isilale chumba kimoja na kompyuta. Jioni ukifunga, zima MySQL kwa kitufe cha Stop kwanza, ndipo uzime kompyuta.

Halafu tafuta UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ndogo inatosha, hutaki ikuwashie kompyuta usiku kucha, unataka dakika chache za kuzima kwa utaratibu.

KijanaWaMalindi

Nimejifunza. Sikuwa nimefikiria mashine ya risiti kabisa. Dada, kama mlikuwa mnafungua mfumo kwa simu pia, anwani ya simu nayo sasa iongezewe :8080 mwishoni mwa namba ya kompyuta, kabla ya /duka.

BintiLangoni

Kweli, mdogo wangu alishaanza kulalamika kwamba kwenye simu yake haufunguki. Nimemrekebishia, umefunguka.

Faili la .sql lina ukubwa mdogo mno, sikuamini kusi nzima imeenea humo. Flashi ami ameitia kwenye kasha lake la nyumbani pamoja na hati ya duka. UPS tumeagiza Mombasa, itakuja kwa basi hadi Mokowe, halafu boti.