Nina mafuta kwenye ini, nimeombwa damu ya utafiti wa vinasaba. Nikubali?

MwanaTanga: Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 46, naishi Leicester. Nilipigwa altrasaundi kwa ajili ya mawe kwenye nyongo, wakakuta ini lina mafuta. Pombe sijaionja maishani, lakini swali la kwanza la daktari lilikuwa nakunywa kiasi gani. Liliniuma, maana marehemu baba alikufa kwa ini, na mtaani wakasema alikuwa akinywa kwa kificho. Hakuwa akinywa.

Sasa kliniki wamenipa fomu ya ridhaa. Wanataka damu, pamoja na ruhusa ya kufuatilia faili langu la hospitali kwa miaka ijayo. Mke wangu hataki. Anaogopa bima ya maisha, na anaogopa watu wakisikia ukoo wetu una maradhi ya kurithi, mabinti zetu nani atawaposa?

Nesi wa Zamu: Pole sana, kaka. Damu yako itapewa namba, watafiti hawafanyii kazi jina lako. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu, na matibabu yako hayabadiliki. Ila elewa, uchambuzi uliokwisha kufanyika haurudishwi nyuma. Waulize pia kama utapewa majibu yako binafsi. Tafiti nyingi za namna hii hazitoi.

Mjukuu wa Bibi Zena: Mimi ningesoma kwanza kipengele cha makampuni ya dawa. Fomu nyingi zinaruhusu sampuli kutumiwa na makampuni, na wewe hupati hata senti. Kama hilo linakukera, usisaini. Wasikuharakishe.

Dkt wa Kijijini: MwanaTanga, la baba yako limenigusa. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba badiliko moja kwenye jeni (kinasaba) iitwayo PNPLA3 huongeza mafuta kwenye ini, hata kwa asiyekunywa pombe. Walilikuta zaidi kwa watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na kwa uchache zaidi kwa wenye asili ya Afrika. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu watu wa asili mbalimbali walikubali kupimwa. Sisi tukikaa pembeni, ya kwetu yatajulikanaje? Mwaka 2018 likatangazwa badiliko jingine, kwenye jeni ya HSD17B13, ambalo hulinda ini, na sasa linafuatwa kutafutia dawa. Kuwa na jeni mbaya si hukumu. Ukipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, ini hupata nafuu kubwa.

Mama Wawili: Kuhusu bima, kwa hapo Uingereza makampuni yamekubaliana na serikali kwamba hayataomba majibu ya vinasaba yaliyotokana na utafiti tu. Lakini wakikuuliza kama una ugonjwa wa ini, sema kweli. Hilo tayari limo kwenye faili lako, utafiti au hakuna utafiti. Na mkeo mpe fomu aisome mwenyewe, usimsimulie.

MwanaTanga: Ahsanteni sana. Tumeisoma wote wawili usiku, mpaka kipengele cha makampuni. Majibu binafsi hawatoi, na hilo ndilo lililomtuliza mke wangu. Jumatatu naenda kutoa. Nimempigia kaka yangu mkubwa Tanga nikamweleza habari ya jeni na baba. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza na yeye aanzie wapi. Nimemwambia aanze na altrasaundi.